Ugeni Uliokodiwa: Askari wa Wissmann

Januari 1889 Bunge la Ujerumani lilipitisha marki milioni mbili za kuzima vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani katika pwani ya Mrima. Hermann Wissmann, aliyekabidhiwa kazi hiyo, alikwenda kutafuta askari Kairo. Aliandikisha Wasudani wapatao 600, wengi wao waliokuwa askari wa Misri na kubaki bila kazi baada ya Mahdi kuiteka Khartoum, nao wakaja na wake na watoto wao, na vyeo vyao vya ombasha, shaushi na efendi. Wengine, Washangani ambao Wajerumani waliwaita Wazulu, walichukuliwa Inhambane, Msumbiji.

Husemwa kwamba Wasudani walitakiwa kwa ujuzi wao wa vita. Ujuzi walikuwa nao, na tarehe 8 Mei 1889 boma la Abushiri karibu na Bagamoyo liliangushwa. Lakini watu wa Inhambane hawakuwahi kupitia jeshi la Misri. Kama haja ilikuwa gwaride tu, vijana wa Kinyamwezi waliofurika Bagamoyo kila msimu wa misafara wangefundishika vilevile, tena bila nauli ya meli. Kilichokodiwa hasa ni ugeni: asiye na shemeji Saadani wala deni kwa tajiri wa Pangani hasiti kufyatua risasi. Atakayepinga atakumbusha kwamba hata Sultani wa Zanzibar alitumia Wabulushi na Wahadhrami. Ni kweli, ila hao walikwisha kuoa na kufanya biashara pwani, na askari mwenye wakwe mjini ndiye hasa ambaye Wissmann hakumtaka.

Tatizo ni kwamba ugeni huisha, na hata ukiwapo hauleti utii. Wasudani walioachwa na Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudani, ambao afisa Mwingereza Lugard aliwachukua mwaka 1891 kwa ajili ya Uganda, waliasi mwaka 1897 kwa sababu ya mishahara duni iliyocheleweshwa na safari zisizokwisha. Waingereza wakaleta wageni wengine, askari kutoka India, kuwatuliza. Upande wa Wajerumani, Wahehe wa chifu Mkwawa waliangamiza kikosi cha kamanda Zelewski, chenye askari hao wa kukodiwa, huko Lugalo mwezi Agosti 1891, na miaka ilivyosonga safu zikajazwa na Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, wale wale walioonekana hawafai mwanzoni. Wasudani wa Waingereza nao walizeeka. Waliomaliza utumishi katika Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipewa makazi Kibera, kando ya Nairobi, eneo la zaidi ya ekari 4,000 lililotengwa rasmi kwa ajili ya jeshi mwaka 1918, lakini bila hati ya ardhi. Wajukuu wao, Wanubi wa Kenya, walikabidhiwa hati hiyo mwaka 2017, ikiwa ya ekari 288.