Katanga, Chimbuko la Kibantu? Kosa la Hesabu katika Historia ya Lugha

Katika miaka ya 1960 jina la Katanga lilitajwa sana katika siasa za dunia. Wakati huo huo lilitajwa katika uwanja mwingine wenye utulivu zaidi, yaani isimu historia. Malcolm Guthrie, profesa wa London aliyewahi kuwa mmisionari wa Kibaptisti nchini Kongo, alidai kwamba lugha za Kibantu zilianza kuenea kutoka kusini mwa msitu mkubwa, katika nchi za Waluba na Wabemba.

Hoja hiyo aliitoa mwaka 1962, kisha akaipanua katika kitabu chake Comparative Bantu, chenye juzuu 4 zilizochapishwa kati ya 1967 na 1971. Alikusanya mizizi ya maneno ipatayo 2,300. Kati ya hiyo, 500 hivi ilikuwa imeenea katika eneo lote la Kibantu, naye akaiita mizizi ya jumla. Hatimaye alihesabu ni asilimia ngapi ya mizizi hiyo imehifadhiwa katika kila lugha. Kibemba na Kiluba cha Katanga zilikuwa miongoni mwa lugha zilizoongoza, zikiwa na nusu hivi au zaidi. Na kadiri mtu alivyosogea pembeni, ndivyo asilimia ilivyopungua. Ramani yake ilifanana na mawimbi ya jiwe lililotupwa ziwani, na Katanga ilionekana kuwa mahali jiwe lilipoangukia.

Joseph Greenberg, Mmarekani, alikuwa amekwisha kuonyesha tangu mwaka 1949 kwamba jamaa wa karibu wa Kibantu wako Nigeria na Kameruni, na kwamba chimbuko litafutwe huko. Je, asilimia za Guthrie zilikuwa za uongo? La. Zilikuwa jibu la swali jingine.

Jambo hili hudhihirika kwa mfano mdogo. Chukua vijiji saba kandokando ya barabara moja. Kila neno hutumika katika vijiji vinavyofuatana bila kuruka. Mtafiti anaamua kuhesabu maneno yaliyoenea tu, yaani yale yanayopatikana katika vijiji vinne au zaidi. Mienezo inayowezekana ni 10: minne ya vijiji vinne, mitatu ya vijiji vitano, miwili ya vijiji sita na mmoja wa vijiji vyote saba. Ikiwa kila mwenezo una neno moja, kijiji cha kati kitakuwa na maneno yote 10. Jirani zake wa pande mbili watakuwa na 9, wanaofuata 7, na vijiji vya mwisho 4 tu. Mawimbi yale yale yanatokea, ilhali hakuna aliyeuliza neno lipi lilizaliwa wapi. Hata mtu akidhani kwamba maneno yote 10 yalizaliwa kijiji cha kwanza, kisha 6 yakasahauliwa huko baada ya kusonga mbele, jedwali litabaki lile lile. Ushindi wa kijiji cha kati umetokana na sharti la kuchagua maneno yaliyoenea.

Bara halina umbo la barabara moja, wala lugha hazina usawa wa vijiji hivyo. Lakini mtego ni ule ule. Akili huuliza: kama chimbuko lingekuwa hapa, je, maneno ya jumla yangekuwa mengi hapa? Ikijibiwa ndiyo, hugeuza jibu na kutangaza kwamba, kwa kuwa maneno ni mengi, chimbuko ni hapa. Husahau swali la pili: kama chimbuko lingekuwa kwingine, je, maneno hayangekuwa mengi hapa vile vile? Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Ushahidi hupata uzito pale tu unapotofautisha dhana moja na nyingine.

Mwaka 1966 mwanahistoria Roland Oliver alijaribu kuwapatanisha wataalamu hao wawili: safari ilianzia Kameruni, na Katanga ikawa kituo cha pili cha kuenea. Hata hivyo wataalamu wengi waliofuata walikubali chimbuko la Greenberg. Utafiti wa jenetiki uliochapishwa mwaka 2023 nao uliunga mkono asili ya magharibi, ukitaja Zambia na Kongo kuwa huenda zilikuwa njia panda ya makutano ya watu.

Somo hili si la darasani tu. Mwaka 1992 na 1993, mkoa ulipokuwa ukiitwa Shaba, watu wengi wenye asili ya Kasai, miongoni mwao waliozaliwa Likasi na Kolwezi, walifukuzwa kwa madai kwamba wao si wenyeji. Madai ya nani alitangulia wapi hugharimu nyumba na maisha ya watu. Kwa hiyo yapaswa kupimwa kwa swali lile la pili kabla ya kuaminiwa. Ama Katanga, heshima yake haipungui kwa kukosa kuwa chimbuko. Wingi wa maneno yake huenda unashuhudia jambo jingine: kwamba ni nchi ya katikati, ambako wengi walipita na wengi wakakutana. Mji wa Lubumbashi, ambamo Kiswahili kilichotoka pwani kinasemwa pamoja na Kiluba na Kibemba, unaijua hali hiyo vizuri.