Kusaga Valvu Iyula, Juni 1983

Ndugu Mhariri aliniomba niandike juu ya timu yetu ya kandanda. Wapo wanaoijua habari hiyo kunizidi, maana mimi niliishia kubeba maji ya wachezaji. Nitaandika juu ya pikipiki.

Likizo ya Juni mwaka 1983 nilikuwa Kidato cha Tatu, nami nilifika nyumbani Iyula bila nauli ya kurudia shuleni. Baba alinipeleka kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa amefanya kazi Kitwe, Zambia, kabla ya kurejea Mbozi. Karakana yake ilikuwa kivuli cha mparachichi, na vifaa vyake vilikaa katika debe.

Vijana mlio shuleni sasa hapana budi mfahamu hali ya wakati ule. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikula fedha za kigeni, na bei ya mafuta duniani ilipanda papo hapo. Sabuni tuliipangia foleni, seuze valvu ya pikipiki! Mwaka huo huo Waziri Mkuu, Ndugu Sokoine, aliendesha msako wa wahujumu uchumi, na hata mwenye kipuri chake cha halali aliogopa kukionyesha. Basi valvu iliyochakaa haikutupwa. Ilisagwa, ikarudishwa, ikachakaa, ikasagwa tena.

Valvu ina umbo la uyoga: shina refu na kichwa bapa. Ukingo wa kichwa hukatwa mshazari, nyuzi 45, nao hukaa juu ya siti yenye mshazari kama huo katika hedi ya silinda. Moja huingiza hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Zikivuja, mgandamizo hupotea na pikipiki haipandi kilima. Ile ya moshi ina shida zaidi. Joto lake hupoa kwa kupita kwenye siti pale inapogusana nayo. Pasipogusana, joto halina pa kwenda, na ukingo huungua mpaka ukaliwa.

Fundi hakuwa na dawa ya dukani ya kusagia. Alikusanya unga wa jiwe la kunolea lililovunjika, akauchuja kwa kitambaa, akauchanganya na oili. Baadaye nilisoma kwamba unga mkali wa viwandani, karborandamu, ulitengenezwa na Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891, naye alikuwa akijaribu kupata almasi. Sisi hatukujua almasi wala Acheson. Tulichomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye shina la valvu, tukauzungusha kati ya viganja kama mtu apekechaye moto, huku na huku, kisha tukainua valvu kidogo, tukaigeuza robo, tukaanza tena. Mlio hubadilika: mwanzo unakwaruza, mwisho unanong'ona. Ukifuta, unatafuta mviringo wa kijivu, mwembamba, usiokatika popote.

Wangu ulikatika, nami niliuona. Pikipiki ilikuwa Honda CG 125 ya muuguzi mmoja aliyepeleka chanjo vijijini na sanduku la barafu nyuma ya kiti. Jua lilikuwa linazama, baridi ya Juni ilikuwa imeniganda vidole, na pengo lile halikuzidi punje ya mchele. Mzee aliniuliza, "Umemaliza, mwanangu?" Nikajibu, "Nimemaliza, Baba." Akaniamini, akafunga injini bila kukagua.

Wiki mbili baadaye valvu ya moshi iliungua kilimani. Sista aliiacha pikipiki kwa watu, akajitwika sanduku, akaenda kwa miguu. Alipofika, jioni ilikuwa imeingia, akina mama walikuwa wamekwisha kurudi makwao na watoto wao. Wakati ule surua ilikuwa inaua watoto, si hadithi ya vitabuni.

Niliungama mwenyewe. Mzee hakunigombeza, jambo lililoniuma kuliko fimbo. Alitafuta valvu katika injini iliyokufa, akaniwekea mbele. Siku nzima nilisaga. Kisha akanionyesha kile ambacho angenifanyisha mara ya kwanza kama nisingalimdanganya: nilisafisha unga wote kwa mafuta ya taa, nikarudisha valvu na springi, nikamimina mafuta ya taa katika tundu la moshi. Tuliketi tukitazama. Hakikupenya hata kijasho. Sista alipokuja kuichukua alisema tu, "Asante, mdogo wangu," nami sikuweza kumtazama.

Honda walianza kuuza CG 125 mwaka 1976. Wahandisi wao walikuwa wameona jinsi watu wa nchi kama zetu wanavyotumia pikipiki, oili ikikaa bila kubadilishwa, wakaacha kuweka kamshafti juu ya hedi. Wakatumia vijiti vya kusukuma valvu, vinavyovumilia zaidi. Bodaboda nyingi za Kichina zinazopita leo kati ya Iyula na Mlowo zina injini ya ukoo huo huo.

Petroli yenyewe imebadilika. Ile ya zamani ilitiwa risasi, ambayo pia iliacha utando ulioikinga siti ya valvu. Lakini risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na kufikia Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Mafundi wengine wa rika langu bado huisikitikia. Mimi siisikitikii, siti ngumu zipo siku hizi, na siti ikiliwa hubadilishwa.

Mwaka jana nilisimama Iyula kwenye karakana ya kijana mmoja. Valvu alikuwa nazo mpya, ndani ya karatasi zake, za kutoka Tunduma. Hata hivyo alikuwa anazisaga, kwa kipande cha mpira. Nilimuuliza kama huwa anamimina mafuta kupima. Akasema, "Shikamoo, mzee. Kaa hapo kwenye debe, ndiyo kwanza nataka kumimina."

Nikakaa.