Uzito wa Mpandaji

Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliikumbuka methali hiyo miaka kadhaa iliyopita kule Lushoto, mdogo wangu aliporudi likizo kutoka Ujerumani akiwa na uma mpya wa baiskeli katika mizigo yake. Haukuwa uma wa kawaida, bali ule wenye shokapu kama wa pikipiki. Tuliufunga kwenye baiskeli ya mtumba ya mwanangu, aliyekuwa na umri wa miaka 15, na furaha iliyojaa uani siku ile haikuwa na kifani. Kumbe kilio kilikuwa njiani.

Kabla sijasimulia yaliyotupata, ni vyema msomaji afahamu chombo chenyewe kilikotoka.

Baiskeli ya milimani ilizaliwa California, Marekani. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Marin walifanya mashindano yao ya kwanza ya kuteremka njia ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, mteremko wa takriban meta 400 katika umbali wa zaidi kidogo ya kilomita 3. Walipanda baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, zenye breki ya kukanyaga kinyume. Breki hiyo ilipata moto hata grisi ikaungua, na baada ya kuteremka mara moja ilibidi habu ya nyuma ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Ndiyo maana mashindano yale yakaitwa Repack, yaani kujaza tena. Mwaka 1977 Joe Breeze akaanza kuunda fremu maalumu kwa kazi hiyo. Hata hivyo, uma wa mbele ulibaki chuma kikavu, na kila jiwe lililogongwa na gurudumu lilipokewa na mikono ya mpandaji.

Pikipiki zilikwisha kupata nafuu zamani. Mwaka 1935 BMW ilitoa uma wa mabomba yanayoingiana, mwendo wake ukitulizwa na oili. Elimu hiyo ilihamishiwa kwenye baiskeli na Paul Turner, aliyepata kuwa fundi katika mashindano ya pikipiki. Mwaka 1989 kampuni ya RockShox ikaanzishwa, na uma wake wa kwanza, RS-1, ulitumia hewa na oili. Uliweza kuzama kiasi cha sentimeta 5 tu, na wengine waliuona mzigo wa bure. Lakini mwaka 1990, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akiutumia uma huo. Mwaka 1992 Mfaransa Gilbert Duclos-Lassalle, akiwa na miaka 37, alishinda mbio za Paris–Roubaix, zinazopita barabara za mawe, kwa baiskeli yenye uma wa RockShox. Mwaka 1993 akashinda tena.

Sasa tuutazame uma wenyewe. Ndani yake hewa hufanya kazi ya springi, nayo oili hupita katika vitundu vidogo ili uma usirudi juu kwa kishindo. Hewa haimjui mpandaji. Husukuma kwa nguvu ile ile uliyoijaza. Doug Bradbury wa kule Colorado, aliyeunda uma wa Manitou, alitumia vipande laini mfano wa mpira mahali pa hewa, lakini hata huko ilibidi kuchagua vigumu au vilaini kulingana na mtu. Hakuna aliyelikwepa swali hili: nani anapanda?

Sisi hatukuuliza. Mdogo wangu alijaza hewa kwa kipimo alichozoea kwenye baiskeli yake mwenyewe. Yeye ana kilo 85. Mwanangu alikuwa na 50. Jioni ya kwanza kijana alirudi akasema, "Baba, mbona huu mgumu kama ule wa zamani?"

Nikamjibu, "Ni mpya, mwanangu. Utalainika. Vumilia."

Jibu langu lilikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari. Ni kweli kwamba uma mpya huwa mzito. Sili zake hubana, bushi hazijazoeana na mabomba, na huhitaji saa kadhaa za kuendeshwa ndipo uteleze vizuri. Lakini hewa iliyozidi haipungui kwa uvumilivu. Siku ya nne, akiteremka kutoka Magamba, gurudumu la mbele lilidunda juu ya mzizi badala ya kuumeza. Akaanguka, akavunjika mkono.

Usiku ule, kijana akiwa amelala na plasta yake, mdogo wangu alikaa na kile kijitabu kilichokuja na uma. Hatimaye akasema, "Kaka, kosa ni letu. Hatukumpima."

Mkono ulipopona, ndipo tukampima. Kwenye bomba la uma kuna kijiringi cha mpira. Tulikishusha mpaka chini, kijana akapanda akiwa na viatu na mkoba wake, nami nikaishika baiskeli isianguke. Kisha akashuka taratibu, asiutikise uma. Uma wetu huzama milimeta 100, na kwa uzito wa mpandaji peke yake ulipaswa kuzama kama 20. Kijiringi kilikuwa kimesogea milimeta 6. Tukapunguza hewa kidogo kidogo, tukipima kila mara, hadi kikafika 20. Kisha tukageuza kitufe cha oili mpaka uma ukawa unarudi juu bila kuruka wala kusinzia.

Ndipo tukauachia muda ufanye kazi yake. Baada ya wiki mbili za njia za shambani sili zilikuwa zimelainika kweli, na tulipopima tena uma ulizama milimeta 24. Tukaongeza hewa kidogo.

Mara nyingi tangu siku ile nimejiuliza ni mara ngapi sisi wazazi na walimu tumemwambia mtoto "utazoea", ilhali kilichomwumiza ni kipimo chetu wenyewe. Yako mambo yanayohitaji muda, na yako yanayohitaji mtu ainame atazame kijiringi kimesogea wapi. Mimi niliyachanganya. Mwanangu sasa ni mtu mzima, na mkono wake wa kushoto haunyooki sawasawa mpaka leo. Hajapata kunilaumu. Ila anapomfungia mtu uma, swali lake la kwanza ni lile ambalo mimi sikuliuliza: "Samahani, una kilo ngapi?"