Kutoka Magu hadi Shelisheli: watawala waliofungwa kwa bahari

Kabla Mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012, Busega ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Naanza na mpaka huo kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia ilipita kwenye mwambao huu wa Ghuba ya Speke, nasi wa Bariadi, Maswa, Itilima na Meatu hatukufundishwa kwamba inatuhusu. Ni historia ya watawala walioondolewa kwenye viti vyao, wakapakiwa melini na kwenda kuwekwa kisiwani ili watu wao wasiwaone wala kuwasikia tena.

Mwaka 1888 Kabaka Mwanga wa Pili wa Buganda alipinduliwa. Alikimbia kwa mitumbwi kuelekea kusini mwa Ziwa Nyanza, akafikia Magu, mahali palipokuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu. Hakukaa hapo kama mgeni wa heshima. Alitendewa kama mateka, hata akatoroka na kwenda kujisalimisha kwa wamisionari Wakatoliki wa Bukumbi. Mwaka uliofuata Charles Stokes, mfanyabiashara kutoka Ireland, alimrudisha kaskazini kwa mashua yake, na baada ya vita Mwanga akakalia tena kiti cha Buganda.

Wakati huo mtu aliyefukuzwa aliweza kuvuka ziwa, akajipanga, akarudi. Muda mfupi baadaye mlango huo ulianza kufungwa. Mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulipitisha mpaka katikati ya maji: kaskazini ya Waingereza, kusini ya Wajerumani. Magu, Mwanza na nchi yote ya Usukuma ikaangukia upande wa Wajerumani.

Mwanga aliuonja mpaka huo mwaka 1897. Mwezi wa Julai aliinuka dhidi ya Waingereza, akashindwa huko Buddu, akavukia upande wa Wajerumani. Wakamkamata na kumweka kizuizini Mwanza. Nyuma yake Waingereza walimtawaza mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, jambo lililowapa nafasi ya kutawala kupitia walezi wa mtoto. Mwanga alitoroka Mwanza, akarudi vitani, akashindwa tena mwanzoni mwa 1898, kisha akaungana na Omukama Kabalega wa Bunyoro, aliyekuwa anapigana na Waingereza kwa miaka mingi. Tarehe 9 Aprili 1899 wote wawili walikamatwa katika nchi ya Walango. Kabalega alipigwa risasi mkononi, na mkono ukalazimika kukatwa.

Kwa nini hawakuuawa? Wajerumani upande wa pili wa mpaka walikuwa wakinyonga: Bushiri bin Salim mjini Pangani mwaka 1889, Mangi Meli huko Moshi mwaka 1900. Waingereza nao waliua walipoona inafaa, lakini kwa wafalme walipendelea njia nyingine, na kwa maoni yangu ilikuwa njia ya hila zaidi. Mfalme aliyenyongwa huacha kaburi, na kaburi huwa mahali pa watu kukutania na kulia. Mfalme aliye hai ng'ambo hawezi kurithiwa kwa utulivu, hawezi kuzikwa, hawezi kuombolezwa. Msukuma hahitaji maelezo marefu hapa. Ntemi wa zamani hakuwa mkubwa wa ofisi tu; mvua, mavuno na ngoma za utemi vilifungamana na mwili wake. Ukimwondoa mtu kama huyo kwenye ardhi yake ukamweka asikoonekana, umewaadhibu na wale waliobaki.

Mwanga na Kabalega walipelekwa pwani, wakashikiliwa Kismayu, na hatimaye wakafikishwa kisiwa cha Mahé, Shelisheli, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Mombasa. Reli ya Uganda ilikuwa haijafika ziwani. Ilifika Kisumu mwaka 1901. Watu waliozaliwa mbali na bahari kiasi hicho walikuta kisiwa ambacho hakikuhitaji ukuta. Visiwa hivyo vilikuwa vimeshazoea kazi hiyo: mwaka 1877 Sultani Abdullah wa Perak, katika nchi inayoitwa leo Malaysia, alipelekwa huko. Mwaka 1900 aliletwa Prempeh, mfalme wa Asante kutoka Ghana ya leo. Baadaye wakaja Yaa Asantewaa, mama aliyeongoza vita vya Waasante, na mwaka 1922 Saad Zaghlul wa Misri. Hata mwaka 1956 Askofu Mkuu Makarios wa Cyprus alipelekwa kukohuko.

Uingereza ilikuwa na uzoefu mrefu wa kusafirisha binadamu kwa adhabu. Kati ya 1788 na 1868 ilipeleka Australia wafungwa zaidi ya 160,000, wengi wao maskini waliohukumiwa kwa wizi. Baada ya maasi ya India ya 1857, wafungwa wa huko walipelekwa visiwa vya Andaman. Wafaransa walikuwa na Guiana na New Caledonia, na Wareno waliwamwaga wahalifu wao Angola na Msumbiji. Tofauti ni hii: mfungwa wa London alisimama mbele ya hakimu, akatajiwa kosa na idadi ya miaka, hata kama hukumu ilikuwa ya kikatili. Mwanga na Kabalega hawakuwa na miaka ya kuhesabu. Ilitosha serikali kusema kuwapo kwao nchini ni hatari.

Mwanga alifia Shelisheli mwaka 1903. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi, Kampala. Kabalega aliishi ugenini takriban robo karne. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923 alikuwa mzee, na alifariki Jinja mwezi wa Aprili, kabla ya kuikanyaga Bunyoro. Prempeh alirudi Ghana mwaka 1924, lakini Yaa Asantewaa alikuwa ameshafariki huko kisiwani mwaka 1921.

Pwani yetu nayo ina mtu wake. Agosti 27, 1896 meli za kivita za Waingereza zilishambulia jumba la Sultani Zanzibar kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitangaza Sultani, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Oktoba, maji yalipojaa hadi kwenye bustani ya ubalozi, Wajerumani walimpitisha moja kwa moja mashuani bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar, akaenda kuishi Dar es Salaam. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huko, Waingereza walimkamata mwaka 1917, wakampeleka uhamishoni St Helena na Shelisheli. Aliruhusiwa baadaye kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927.

Ziwa letu halikuachwa pia. Miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari Kenya, Waingereza waliwaweka watuhumiwa wa Mau Mau katika visiwa vya Mageta na Saiyusi, ndani ya Ziwa Nyanza, wengi wao bila kufikishwa mahakamani. Wengine walipelekwa Manda, karibu na Lamu.

Na Tanganyika je? Mwaka 1921 Waingereza walituwekea Sheria ya Uhamisho wa Watu, iliyompa Gavana mamlaka ya kumtoa mtu sehemu moja ya nchi na kumlazimisha kuishi sehemu nyingine. Uhuru ulikuja, sheria ikabaki, mamlaka yakahamia kwa Rais. Wakati sehemu kubwa ya Simiyu ya leo ilikuwa bado ndani ya Shinyanga, Chifu David Kidaha Makwaia wa Usiha, mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, naye alihamishiwa Tunduru baada ya uhuru. Meli haikuhitajika, ila shabaha ilikuwa ileile ya kumweka mtu mbali na wanaomsikiliza. Inaniuma kwamba tuliirithi silaha hii na kuitumia kwa mikono yetu wenyewe.

Aliyeipinga kwa ujasiri alifanya hivyo Mwanza, palepale Mwanga alipozuiliwa. Katika shauri la Chumchua Marwa la mwaka 1988, lililotokana na Mkoa wa Mara, jirani zetu, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba sheria ile inakwenda kinyume cha Katiba. Haki za binadamu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kudaiwa mahakamani mwaka huohuo.

Nawaomba walimu wa historia wa Bariadi na Busega wawasomeshe wanafunzi hukumu hiyo pamoja na safari za Mwanga, kwa sababu zote mbili ni za kanda yetu. Nawe msomaji, ikiwa kwenu yuko mzee aliyewahi kuamriwa na serikali, ya mkoloni au ya baadaye, kuhama kwao na kwenda kuishi mbali, ziandike habari zake angali hai: aliambiwa nini, alipitishwa wapi, na nani alibaki akilisha watoto wake.