Majengo ya Ghorofa ya Fremu za Zege la Kiwandani: Usalama Huanzia Kwenye Viungio

Fremu ya zege la kiwandani ni mfumo wa ujenzi ambapo nguzo, boriti, sakafu na ngazi hutengenezwa kiwandani kwa vipande, kisha husafirishwa hadi eneo la mradi na kuunganishwa kwa kutumia kreni. Mfumo huo huokoa muda, kwa kuwa msingi huweza kujengwa wakati vipande vikiendelea kutengenezwa, na hupunguza matumizi ya mbao za kufungia zege.

Katika usanifu, mhandisi hukokotoa uzito utakaobebwa na jengo likikamilika, pamoja na nguvu zinazokikabili kila kipande kinaponyanyuliwa, kinaposafirishwa na kinapoegemezwa kabla ya kufungwa. Aidha, huainisha sehemu za kunyanyulia na upana wa eneo ambapo boriti hukaa juu ya nguzo.

Zege linalomwagwa kwa pamoja eneo la ujenzi huwa kitu kimoja. Vipande vya kiwandani, kwa upande wake, hutegemea nondo zilizounganishwa na zege la kujazia kwenye viungio. Kiungio dhaifu huweza kuliangusha jengo hata kama kila kipande ni imara.

Hayo yalidhihirika nchini Armenia Desemba 7, 1988, tetemeko la ardhi lilipoua takribani watu 25,000. Katika mji wa Leninakan, ambao sasa unaitwa Gyumri, majengo mengi ya ghorofa tisa ya fremu za kiwandani yaliporomoka, huku yale ya kuta kubwa za zege la kiwandani yakisalimika. Udhaifu wa viungio, usimamizi hafifu wa ujenzi na udongo laini vilikuwa miongoni mwa sababu.

Funzo hilo linaihusu pia Tanzania, ambayo imepitiwa na Bonde la Ufa na ilishuhudia tetemeko la Kagera Septemba 10, 2016. Kwa sababu hiyo, fremu ya namna hii huhitaji kuta imara za kuzuia mtikisiko, sakafu zilizofungamanishwa na ukaguzi wa kila kiungio kabla hakijafunikwa.

Mwananchi anayekusudia kujenga ghorofa anapaswa kutumia mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwani kasoro iliyokwisha kuzibwa ndani ya kiungio haionekani tena kwa macho.