Kura 24 kwa 22: Siku Limuru ilipoamua kuhusu makasisi wanawake

Mapema mwaka 1971, wajumbe wa Kanisa Anglikana kutoka pande mbalimbali za dunia walikutana Limuru, Kenya, katika mkutano wa kwanza wa Baraza lao la Ushauri. Hoja nzito ilitoka Hong Kong: je, askofu mwenye ridhaa ya sinodi yake anaweza kumwekea mikono mwanamke awe kasisi? Kura 24 zilikubali, 22 zikakataa.

Hong Kong ilikuwa na sababu ya kuuliza. Florence Li Tim-Oi, aliyezaliwa huko mwaka 1907, alifanywa shemasi mwaka 1941, akihudumu Macau, koloni la Ureno lililofurika wakimbizi wa vita. Desemba mwaka huohuo Wajapani waliiteka Hong Kong, na makasisi hawakuweza tena kuvuka kwenda kuwahudumia waumini wa Macau. Shemasi haruhusiwi kubariki mkate na divai, lakini kwa dharura Tim-Oi alipewa kibali.

Askofu wa Hong Kong, Ronald Hall, hakuridhika kumwachia mtu kazi ya kasisi bila kumpa ukasisi. Akamwita. Tim-Oi alipita maeneo yaliyoshikwa na Wajapani, na tarehe 25 Januari 1944 akawekewa mikono katika sehemu ya China iliyokuwa bado huru. Hall alijiona anafuata nyayo za Petro, aliyembatiza Kornelio baada ya kuona Mungu amekwisha kumjalia Roho Mtakatifu.

Vita vilipokwisha, lawama zilimwandama Hall. Ili kumnusuru askofu wake, Tim-Oi alirudisha leseni mwaka 1946, ila ukasisi wenyewe hakuukana. Akaenda Hepu, karibu na mpaka wa Vietnam, akachunga kanisa na kuanzisha nyumba ya akina mama kujifungulia. Baadaye, chini ya utawala wa Kikomunisti, alifanyishwa kazi katika shamba la kuku. Walinzi Wekundu, vijana wa mapinduzi wa utawala huo, walimlazimisha kuyakatakata kwa mkasi mavazi yake ya ibada.

Alikuwa bado China wakati wa kura ya Limuru. Novemba 1971, Jane Hwang na Joyce Bennett walipewa ukasisi Hong Kong. Tim-Oi alirejea madhabahuni Canada katika miaka ya 1980, akafariki Toronto mwaka 1992. Nchini Kenya, mwaka 2021, Emily Onyango alifanywa askofu msaidizi wa Bondo na Rose Okeno askofu wa Butere.

Wanaopinga ukasisi wa wanawake wanasimama juu ya waraka wa kwanza wa Paulo kwa Timotheo, na yeyote anayeheshimu Maandiko lazima awasikilize. Lakini historia nayo isikilizwe. Tim-Oi hakugombea cheo. Waumini walikuwa na njaa ya Meza ya Bwana, na aliyekuwepo kuwahudumia alikuwa mwanamke. Kanisa lilihitaji miaka 27 kuridhia, kwa tofauti ya kura chache, neema ambayo watu wa Macau walikuwa wamekwisha kuipokea mikononi mwake.