Njia ya Wawindaji wa Bugoye

Msafiri atokaye Kasese kwenda Fort Portal huiacha barabara kuu upande wa kushoto, akaufuata mto Mubuku, akapita Bugoye na Ibanda hadi Nyakalengija. Hapo gari husimama. Mbele yake hakuna barabara ya magari. Pana njia ya miguu ipandayo Milima ya Ruwenzori hadi kwenye theluji. Leo njia hiyo hupitwa na watalii waliokwisha kulipa ada. Walioitangulia ni wawindaji wa Kikonzo, na habari zao ndizo tuzitakazo hapa.

Kwa desturi ya Wakonzo, kila mgongo wa mlima ulikuwa na mkuu wake, na msitu ulio juu ya mashamba haukuwa pori lisilo na mwenyewe. Wanaume walipanda na mbwa, nyavu na mikuki kutafuta paa wadogo na pimbi, wakalala katika mapango ya miamba. Juu kabisa palikuwa makao ya Kithasamba, mwenye theluji, wala mtu hakupaendea ovyo.

Mwaka 1900 ukafanywa Mkataba wa Toro baina ya Waingereza na Mukama Kasagama. Misitu na ardhi isiyolimwa ikawekwa chini ya serikali. Kwa macho ya mtunga sheria, ardhi isiyo na jembe haikuwa na mtu. Mwindaji hana jembe, basi haki yake haikuonekana. Nadhani hapa ndipo penye mzizi wa jambo lenyewe, kuliko katika sheria zote zilizofuata.

Miaka sita baadaye, Juni 1906, akaja Luigi Amedeo, Duki wa Abruzzi kutoka Italia. Akapanda kwa bonde la Mubuku, akalala Bujongolo chini ya jabali, na tarehe 18 akafika kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109. Vilele vikapewa majina ya Ulaya. Mizigo ilibebwa na wapagazi, na miongoni mwao walikuwamo Wakonzo, wenye kuijua njia kwa sababu ya windo.

Mwaka 1941 milima ikatangazwa kuwa msitu wa hifadhi; mwaka 1991 ikawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katiba ya 1995 yasema kwamba serikali hushika hifadhi za namna hii kama amana kwa ajili ya wananchi. Neno amana ni zito, nasi walimu twalijua: mwenye kushika amana si mwenye mali. Lakini mwananchi wa Bugoye aingiaye na mbwa wake hushitakiwa.

Huko bondeni mambo ni kinyume. Hifadhi ya Kazinga iliundwa mwaka 1952, ikapewa jina la Malkia Elizabeth mwaka 1954. Barabara ya Kasese kwenda Mbarara yaikata, ikavuka mfereji kwa daraja la Katunguru. Nayo ya Bwera na Mpondwe, kuelekea Kongo, hupita humo pia. Malori hupita usiku na mchana, na wanyama hugongwa wakafa. Dereva aliyemgonga mnyama kwa bahati mbaya haitwi jangili. Jina hilo ni la mwenye mkuki.

Neno jangili lenyewe lastahili kuchunguzwa darasani. Aghalabu huhusishwa na lugha za Bara Hindi, ambako asili yake yamhusu mtu au kitu cha mwituni. Kwetu limegeuka kuwa jina la mwizi wa mwituni.

Sisemi kwamba ulinzi haukuwa na haja. Bunduki zilizozagaa Uganda katika miaka ya 1970 ziliangamiza ndovu kwa maelfu, na mkuki wa Mkonzo hauwezi kulaumiwa kwa hayo, wala hauwezi kudai kwamba msitu usio na mlinzi ungalibaki. Mito inyweshayo mashamba ya Kasese yatoka huko juu. Sheria ya wanyamapori ya 1996 nayo iliagiza asilimia 20 ya ada za kuingilia hifadhi ziende kwa jamii jirani. Lakini mapato hayo hufuata wageni, na wageni hufuata amani: toka 1997 hadi 2001 waasi wa ADF walipokuwa milimani, hifadhi ilifungwa, na wapagazi wa Ibanda na Nyakalengija wakakosa kazi.

Siku hizi mpagazi hujitwika mzigo wa mgeni penye mwisho wa barabara, jina lake likaandikwa daftarini, akapanda kwa njia ile ile ya babu yake. Hupita chini ya majabali waliyolala wawindaji na kuota moto. Akirudi peke yake wiki ijayo, bila mgeni na bila daftari, amevunja sheria.